Rangi ya Maji Niliyomficha Bokilo

Nimebishana bei na kila aina ya mtu: wenye mitumbwi wa Yanonge, wanajeshi wa vizuizini, hata padri mmoja aliyetaka samaki wa Ijumaa kwa bei ya Jumanne. Mtu mmoja tu sikuweza kubishana naye, baba wa mume wangu. Kwetu Kisangani mkwe tunamwita bokilo, na bokilo ana sheria zake. Humtazami machoni. Hukalii kiti chake. Hutafuni mbele yake kwa sauti. Na habari mbaya humpelekei wewe mwenyewe. Unamtuma mtu, mume wako au wifi yako, ili ile habari ipite kwanza kwenye mdomo wa mwingine, ipoe, ndipo imfikie mzee ikiwa vuguvugu.

Sheria nzuri, ukiwa na mtu wa kumtuma.

Vita ilipofunga mto, mume wangu alikuwa ameshateremka hadi Barumbu na mzigo wetu wa sabuni na nguo. Mstari wa mapigano ukakaa katikati yetu, yeye chini, mimi juu, na maji yakaendelea kupita kama hayahusiki. Biashara yangu ya samaki wa kukaushwa ikafa siku hiyohiyo. Nikafunga meza yangu sokoni, nikahamia alikokuwa bokilo, katika nyumba ya mnunuzi mmoja wa almasi pale Makiso. Bokilo alikuwa amemfanyia kazi mtu huyo miaka mingi, na kazi yenyewe ilikuwa moja tu: kumtunzia bahari.

Sisemi kwa mafumbo. Sebuleni mle kulikuwa na tangi la kioo lenye maji ya chumvi, bidoni, yale madumu ya mafuta, ishirini na mbili nzima, na ndani yake mawe hai. Matumbawe kumi na moja, samaki saba. Nilihesabu siku niliyofika, nikahesabu tena, kwa sababu samaki mmoja alikuwa na tabia ya kujificha nyuma ya jiwe kama mtu anayekwepa mchango wa msiba. Mnunuzi wa almasi aliyaleta yote kwa ndege, mfuko kwa mfuko, wakati ndege bado zilikuwa zinashusha anasa. Vita ilipokaribia, alipanda moja ya zile za mwisho pale uwanja wa ndege wa Simi-Simi. Alimwachia bokilo funguo, mapipa ya mafuta ya jenereta, mifuko minne ya chumvi ya bahari na sanduku la kupimia maji. Alisema atarudi baada ya wiki mbili. Bokilo akamwahidi kwamba atakuta vyote vinaishi.

Wiki mbili zikapita, halafu miezi. Mzee hakuacha kusubiri. Hakuwahi kuiona bahari maisha yake yote, mimi vilevile, lakini katika mji ule wote yeye peke yake ndiye aliyejua kuifanya isife. Jambo hilo alilivaa kama shati safi.

Kazi yenyewe alinifundisha yeye. Nilidhani kufuga samaki ni kulisha. Akaniambia hapana, kulisha ni hatari yake. Kila chembe ambayo samaki hali inaoza, na kila anachokula kinatoka upande wa pili. Yote hubaki majini na kugeuka mbolea. Mbolea ikizidi, mwani unaota, unafunika matumbawe, yanakosa pumzi na kufa. Ikipungua mno, matumbawe yanapauka kwa njaa. Kwa hiyo mtunzaji anatembea katikati, kila siku, kama mtu anayevuka mfereji juu ya ubao.

Zamani kulikuwa na mashine ya kutoa povu chafu, ikifanya kazi usiku na mchana. Sasa jenereta tuliliwasha kwa muda wa saa mbili asubuhi na mbili nyingine alasiri, basi. Kazi nyingine yote ikabaki kwa mikono. Tulipunguza chakula hadi bana moja ya vidole viwili, ya kamba wadogo wa mto, waliokaushwa, wakasagwa, wakaoshwa mara tatu ili ule mchuzi wao usiingie tangini. Na kila Jumamosi tulitoa ndoo mbili za maji ya zamani, tukaingiza mbili za maji ya mvua yaliyotiwa chumvi ya mfuko.

Kisha kipimo. Jumatatu na Alhamisi, asubuhi, dirishani. Unateka maji kwenye kichupa, unadondosha dawa matone sita, unatikisa, unasubiri, unalinganisha na kadi ya rangi. Maji yakibaki meupe, hakuna mbolea. Yakianza buluu ya mbali, vizuri. Buluu ikikolea, una matatizo. Matone nilihesabu kwa sauti, halafu nikahesabu tena moyoni, na bokilo alipenda hivyo. Alisema soko limenifundisha kitu.

Wiki ya pili aliinua kichupa kwenye mwanga, akakikazia macho muda mrefu, akakigeuza, akanirudishia.

“Soma wewe, mama,” akasema. “Mimi nimechoka.”

Hakuwa amechoka. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Nilikuwa nimekwisha kumwona akigusa ukuta kabla ya kupita mlangoni, na akimimina chai huku kidole kikiwa ndani ya kikombe kuhisi inapofika. Hakulisema na mimi sikulisema. Tangu hapo nilisoma mimi, yeye akaamua. Akiuliza, “Iko rangi gani?” namjibu, “Iko buluu kidogo, papa,” ndivyo tunavyomwita baba, naye anakadiria chakula cha siku tatu zinazofuata. Kwa miezi mingi tulikwenda hivyo, na tangi likabaki safi.

Nisimfanye mtu aliyenyooka kama mshumaa. Siku moja aliingia ofisa na walinzi wawili, akasimama mbele ya kioo mikono nyuma, akamwonyesha samaki wa manjano na kuuliza kama anaendaga na pilipili.

“Mon commandant,” bokilo akamjibu kwa heshima zote, “uyu ukimukula, tunakuzika mbele ya saa sita.”

Ofisa akaondoka na redio ya mwenye nyumba. Tuliona tumeshinda.

Sasa nije kwenye ndoo.

Maji yale ya zamani tuliyotoa kila Jumamosi mwanzoni niliyamwaga uani. Jirani yetu, mama wa mapacha, aliniona kupitia tundu la ua, akashika kichwa. Wakati ule chumvi ilikuwa haba mjini. Watu walikula sombe, majani yetu ya muhogo, chapwa wakijidanganya kwamba ni afya. Akaniuliza namwaga nini. Nikamwambia. Akachovya kidole, akalamba, akanitazama kama nimemwaga mchele.

Tukapatana: yeye atachukua maji yangu ya chumvi, atayachemsha yakauke, atapata chumvi. Mimi atanipa maji ya mvua, kwa sababu paa lake lilikuwa pana na jipya, letu lilikuwa kutu tupu. Ndoo mbili za mvua kwa ndoo moja ya bahari. Kwa hiyo sombe ya mtaa wetu ilipikwa kwa chumvi iliyopita tumboni mwa samaki, na sikusikia mtu akilalamika.

Bokilo alifurahi. Uchafu unatoka, maji safi yanaingia. Ningeishia hapo. Lakini chumvi ilipozidi kupotea sokoni, nikaona bei yangu imelala. Nikamwambia mama wa mapacha kwamba sasa ni ndoo tatu kwa moja. Akapiga magoti ya utani, akalalamika kwamba mvua si yake, ni ya Mungu. Nikamwambia basi Mungu na aongeze ndoo ya tatu.

“Yaya, dada yangu, we uko mugumu kama kwanga ya juzi,” akasema. Kwanga ni mkate wetu wa muhogo; ukikaa, unavunja meno. Akakubali.

Miezi ya mvua chache ikaja. Jumamosi moja alileta ndoo sita kama tulivyoagana, na nilizihesabu, nikazihesabu tena, sita. Lakini nne za mwisho zilikuwa na harufu, si kali, ule uchachu mdogo ambao kila mwanamke wa kwetu anaujua. Alikuwa ametunza maji kwenye pipa lake la kulowekea mihogo. Pipa lile limelainisha mihogo ya kwanga miaka na miaka, kuta zake zimekunywa wanga na uozo, na hata ukilisugua kwa mchanga linabaki na kumbukumbu. Hakuwa na chombo kingine. Ndoo tatu kwa moja zinahitaji mahali pa kukaa, na mimi ndiye niliyetaka tatu.

Nilihesabu mara mbili. Kunusa nilinusa mara moja, kisha nikajifanya sina pua. Kuzikataa kungekuwa kukubali kwamba bei niliyoshinda ilikuwa mbaya. Zile mbili safi nikaziweka za kunywa, hizi nikazitia chumvi ya mfuko, nikakoroga, nikamimina mbili tangini. Bokilo alikuwa amekaa kwenye kiti chake uani, akisikiliza redio ndogo ya jirani.

Jumatatu kichupa kilikuwa buluu kama kola ya sare ya shule. Sikuwahi kukiona hivyo. Nikapima tena, kwa kawaida yangu. Kola ileile.

“Iko rangi gani?”

Nilikuwa na jibu mdomoni. Lakini nyuma ya jibu kulikuwa na pipa, na nyuma ya pipa kulikuwa na ndoo ya tatu, na mbele yangu bokilo, ambaye sheria inasema nimtumie mtu. Nikatazama huku na huku kama mjinga. Mume wangu alikuwa Barumbu. Wifi yangu hakuwepo. Ndani ya nyumba tulikuwa sisi wawili na samaki saba.

“Iko kama ya siku zote, papa,” nikasema.

Nilipanga kulirekebisha kimyakimya. Nitabadilisha ndoo nne Jumamosi badala ya mbili, rangi itashuka, hatajua. Hesabu ilikuwa sahihi, lakini mvua haikunyesha. Alhamisi buluu ikakolea zaidi. Nikaona kama nitaongopa, basi niongope kwa faida, nimpe mzee moyo. Nikamwambia maji ni meupe, meupe kabisa.

Akasugua goti lake.

“Bon,” akasema. “Basi mawe iko na njaa. Alors, mama, ongeza bana moja.”

Hapo ndipo ningesema. Mtu wa sokoni anajua wakati ambao mkono wake bado uko juu ya bidhaa na anaweza kuurudisha. Nilisimama na kopo la kamba mkononi. Kulisha tangi lile kulikuwa kumwekea mtu aliyevimbiwa sahani ya pili. Yeye alikuwa anaamua vizuri kwa kipimo nilichompa, kipimo ndicho kilikuwa cha uongo. Nikaongeza bana moja, nusu bana kwa kweli, nikijiona mjanja kwa ile nusu. Samaki walikula kidogo, chembe nyingine zikashuka taratibu kati ya mawe.

Mara tisa aliniuliza, mara tisa nikamwambia nyeupe au buluu kidogo. Nimezihesabu mara nyingi. Mwani ulianza kama vumbi la kijani kwenye kioo, nikaufuta kwa kitambaa. Kisha zikaja nyuzi. Nikazing’oa kwa vidole na kuzificha chini ya majani ya sombe kwenye takataka, kama mke anayeficha chupa za mumewe. Tumbawe lililofanana na vidole likafunga. Lile lililofanana na ubongo likaanza kuonyesha mfupa ukingoni. Na bokilo akiwa pembeni, akisikiliza maji yanavyopita, akisema, “Ee, wameshiba leo.”

Kisha majeshi mawili ya wageni yakapigana ndani ya mji wetu. Siku sita tulilala sakafuni kwenye ukumbi mwembamba usio na dirisha, mimi na bokilo, kila mtu upande wake wa ukuta, kwa sababu hata mabomu hayakufuta adabu. Jenereta halikuwashwa. Maji hayakubadilishwa. Mara mbili alitaka kutambaa hadi sebuleni kuyakoroga kwa mkono ili samaki wapate pumzi. Mara ya pili alifika.

Najua. Watu walizikwa kwenye bustani zao siku zile, na mtaa wa pili tu kutoka kwetu familia moja iliisha yote. Mimi hapa naandika juu ya mawe. Lakini yale mengine hayakutoka mikononi mwangu, na haya yalitoka.

Kulipotulia, majirani walikuja kutazama nani yupo. Waliona tangi la kijani, samaki sita wakielea, matumbawe yamevaa manyoya, na wote wakasema jambo moja: vita, jamani, hata samaki. Nikatikisa kichwa pamoja nao. Vita ilikuwa imebeba lawama nyingi, nikaona haitahisi uzito wa moja zaidi. Mama wa mapacha aliniletea ndizi mbili za kuchoma, akalia. Nikazila.

Asubuhi iliyofuata bokilo alisimama mbele ya kioo. Akakunja mkono wa shati hadi begani, akaingiza mkono majini. Akapitisha kiganja kwenye kioo, ukashika ute. Akatafuta tumbawe la vidole, akalipata, akalishika kidole kwa kidole. Akaenda kwa lile la ubongo. Aliyajua yote kumi na moja kwa kuyagusa, na aliyasalimia yote kumi na moja. Mwisho akavuta uzi wa mwani, mrefu, akaupima kwa mkono kutoka kidoleni hadi kwenye kifundo. Akaunusa.

“Mama,” akasema, “hii haikuota siku sita.”

Akanigeuzia uso.

“Ilikuwa rangi gani?”

“Buluu, papa. Buluu sana. Tangu ile maji ya pipa.”

Nikamweleza yote, pipa, ndoo ya tatu, ile nusu bana. Nilimwambia mimi mwenyewe, mdomo kwa sikio, bila mtu katikati. Alikuwa bado ameshika ule uzi, unadondosha maji kwenye kiatu chake.

“Ungenipasha habari.”

“Ningemutuma nani, papa?”

Nadhani hakuwa amelifikiria. Kutoka nyuma ya jiwe, yule samaki mwenye tabia ya kujificha, mdogo wa buluu mwenye mkia wa manjano, akatokeza kichwa. Yeye peke yake alikuwa amebaki.

“Ungeambia samaki,” bokilo akasema. “Mimi ningesikia tu.”

Akakaushia mkono wake kwenye suruali, akaenda uani, akakaa kwenye kiti chake.

Ilikuwa rahisi hivyo. Mama zetu walifanya hivyo miaka yote. Walizungumza na chungu, na mbuzi, na moto unaokataa kuwaka, na bokilo kule barazani akapata habari zake bila mtu kuvunjiwa heshima. Nilijua. Nilikuwa nimelisikia tangu nikiwa mgongoni mwa mama yangu. Siku ile dirishani nilihesabu waliokuwemo ndani, sisi wawili na samaki saba, na sikuona kwamba saba walikuwa wengi mno.

Tangu asubuhi ile hakuniuliza rangi tena. Tulimtunza yule mmoja aliyebaki. Tulipunguza maji, tukang’oa mwani, mzee akawa anakoroga kwa kijiko kirefu cha mbao. Na akaanza kumtuma yule samaki. Mara ya kwanza ilikuwa wakati wa chakula, amekaa amegeuzia kioo uso.

“Samaki, ambia mama sombe ya leo imezidi chumvi.”

“Samaki,” nikasema, “ambia papa hiyo chumvi imetoka kwa bahari yake.”

Nikasikia pua yake ikicheka. Ikawa desturi. Samaki, mwambie mafuta ya jenereta yamebaki robo. Samaki, mwambie apumzike, kijiko nitashika mimi. Samaki, muulize kama kuna habari kutoka Barumbu. Kidogo alikuwa anakula, yule mjumbe wetu, na alifanya kazi nyingi.

Jumamosi tulipotoa maji, mama wa mapacha alikuja na ndoo moja safi ya mvua. Nikampa ndoo moja ya bahari. Alisubiri nianze, mkono kiunoni. Nilipokaa kimya akauliza kama naumwa.

Siku ya ishirini tangu nilipokiri, asubuhi, samaki alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga. Bokilo hakuona. Nilimwambia mwenyewe, nikiwa nimesimama mbele yake. Akasema, “Bon.” Mama wa mapacha alichemsha bahari yote, ikamchukua siku nyingi na kuni nyingi, akatuletea fungu letu kwenye kopo la maziwa.

Mto ulipofunguka, mume wangu alirudi. Mwenye nyumba hakurudi. Bokilo alikuwa amekwisha kufariki, msimu wa mvua uliotangulia, kwa ugonjwa mfupi usio na uhusiano na chochote. Alipokuwa kitandani mdomo wangu ulikuwa mzito uleule wa sheria, na sebuleni kulikuwa na kioo kikavu.

Lakini siku zile nilikuwa naye, yule wa mkia wa manjano. Nilimtuma mambo ya chumvi, ya mafuta, ya kijiko. Neno samahani sikumpa alibebe. Nilikuwa na siku kumi na tisa za kumtuma. Nimezihesabu baadaye, mara mbili, na hazikuongezeka.